Mgeni Katika Msikiti wa Kale wa Kisiwani

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ulioko kusini ya kisiwa cha Unguja, hauna umbo la kumshangaza mtu aupitiaye kwa nje. Ni jengo dogo lenye paa la bati, na mgeni asiye na habari zake aweza kulipita bila ya kugeuza shingo. Lakini ndani yake, katika ukuta wa kibla, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, yasemayo kwamba kazi hii iliamriwa na Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad katika mwezi wa Dhulkaada, ambao Waswahili huuita Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra. Kwa hesabu ya Kizungu mwaka huo ni 1107. Mtaalamu S. Flury aliyasoma na kuyatangaza mwaka 1922, na tangu wakati huo hakuna historia ya mwambao iliyoandikwa bila ya kuyataja. Hata hivyo Kizimkazi si nyumba ya makumbusho. Watu husali humo.

Basi mwenye kutaka kuyaona maandishi hayo hana budi kuingia. Ili aingie hana budi kuvua viatu. Na kabla ya kuvua viatu hana budi kuwa amemwona mtu wa mahali pale akapata idhini yake. Vitabu vya kuwaongoza watalii hueleza utaratibu huu kwa maneno machache, kana kwamba ni masharti yaliyowekwa juzi na wenyeji ili wageni wasije wakavunja adabu. Dhana hiyo si sahihi. Namna ya kuingia msikiti wa kisiwani ni jambo la kale kama misikiti yenyewe. Limeandikwa na wasafiri, limejengwa katika mawe, na limehifadhiwa katika maneno ya lugha. Mgeni alipuuzaye hawakosei wenyeji tu. Anakosa kuiona sehemu ya historia aliyoijia, maana sehemu hiyo haimo katika maandishi ya ukutani bali imo katika mwendo wa watu kutoka kisimani mpaka kizingitini.

Shahidi wa kwanza ni mgeni mwenyewe. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwenyeji wa Tanja katika nchi ya Moroko, alishuka na pepo kutoka Mogadishu akafika Mombasa, akalala huko usiku mmoja, kisha akaendelea mpaka Kilwa. Habari za Mombasa katika kitabu chake ni chache mno. Ataja ndizi, ndimu na samaki, asema kwamba nafaka huletwa kutoka mrima, na kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu na wema. Baada ya hapo, jambo aliloliona lastahili kuandikwa kuliko yote ni namna watu wanavyoingia msikitini. Misikiti yao, asema, ni ya miti, nayo imejengwa kwa uimara. Kwenye kila mlango kuna kisima kimoja au viwili visivyo na kina kirefu. Maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba kama mpini. Ardhi iliyozunguka kisima na msikiti imesawazishwa. Atakaye kuingia huosha miguu kwanza, na penye mlango pametandikwa kipande cha jamvi nene cha kufutia miguu. Aongeza kwamba watu wote wa mji huo hutembea miguu mitupu.

Yafaa kuyatazama maelezo hayo kwa makini, kwa kuwa mara nyingi husomwa kwa haraka na watu wanaotafuta habari za biashara ya dhahabu na pembe. Chombo alichokieleza Ibn Battuta ni kata. Kata itumikayo mpaka leo hutengenezwa kwa kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu, na kazi yake ni ileile ya kuteka maji katika mtungi au birika bila ya kuyatia mkono. Kadhalika jamvi la mlangoni si pambo: mtu mwenye miguu mibichi akanyagapo mchanga huingia na mchanga ndani, na mahali pa kusujudia hapawekwi uso juu ya mchanga ulioletwa na mguu wa mwingine. Kila kitu alichokitaja kina sababu yake. Naye alikuwa amekwisha kuingia misikiti ya Misri, Shamu, Hijazi na Yemeni, tena yeye mwenyewe alikuwa wa madhehebu ya Malik, si ya Shafi; hakuwa mtu wa kustaajabishwa na udhu. Kilichomvuta macho ni kuona mji mzima uliopangwa ili mtu aingie msikitini akiwa safi.

Tena alijua kwa nafsi yake nini maana ya kuwa mgeni ndani ya msikiti. Katika mji wa Sinop, nchi ya Waturuki, watu walimwona akisali mikono ikiwa imenyoka ubavuni kama wafanyavyo wafuasi wa Malik, wakamdhania kuwa ni Rafidhi. Akajaribiwa kwa kupelekewa sungura, kwa kuwa iliaminika kwamba Marafidhi hawamli. Alipomla ndipo wakamwamini. Kisa hiki chachekesha, lakini chaonyesha kwamba hata Mwislamu mwenye elimu hutazamwa mwendo wake pale asipojulikana.

Msikiti aliousali Kilwa ungali umesimama, ingawa sehemu kubwa ya paa lake imeanguka. Huo ndio msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ukumbi wake wa kaskazini, ulio mkongwe zaidi, hurejeshwa na wachimbuzi katika karne ya 11 na ya 12; dari yake ilikuwa bapa, ikibebwa na nguzo za miti. Upande wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali. Nyongeza hiyo ilianguka, ikajengwa tena katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa, zikibeba kuba na matao. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, ndiye aliyezitenga zamu hizo za ujenzi.

Wageni wengi huingia wakiinua macho kuzitazama kuba, na ni haki yao, maana zapendeza. Lakini wachache hutazama chini. Upande wa kusini wa msikiti kuna ua wenye kisima, mabirika ya maji, na mawe ya mviringo ya kusugulia miguu. Hapo ndipo mahali alipopaeleza Ibn Battuta katika habari zake za Mombasa, ila kwamba huku pamejengwa kwa mawe. Mtu akisimama katika ua huo ataona kwamba wajenzi walikwisha kumwonyesha njia: maji kwanza, kisha jiwe, kisha kizingiti, kisha kivuli cha nguzo, na mbele kabisa mihrabu katika ukuta wa kaskazini. Kibla ya pwani hii ni kaskazini, kwa sababu Makka na Kilwa ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo. Kwa hiyo mtu aingiaye kutoka uani amekwisha kuelekea kibla kabla hata ya kupanga safu. Mgeni aingiaye na viatu kwa kuruka ukuta uliobomoka amelisoma jengo kinyume, kama mtu afunguaye kitabu cha Kiarabu kwa upande wa kushoto.

Kwamba utaratibu huu ulitangulia majengo ya mawe haina shaka. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mingine iliyofuatana, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ya mwisho wa karne ya 8. Mawe yalikuja baadaye. Mahali penyewe pa kusalia hapakuhamishwa. Kila kizazi kiliweka msingi wake juu ya msingi wa kizazi kilichotangulia.

Kuna jambo katika habari za Kilwa ambalo limewasumbua wataalamu. Ibn Battuta asema kwamba Kilwa ni katika miji mizuri kabisa na iliyojengwa vema, kisha ataja kuwa majengo yake ni ya miti. Hazitaji kuba wala nguzo. Wengine wamesema kumbukumbu ilimpotea, kwa kuwa kitabu kilimalizika mwaka 1355, miaka zaidi ya 20 baada ya safari. Wengine wasema nyumba nyingi za mji zilikuwa za miti kweli, na za mawe zilikuwa chache. Hoja ya pili yaelekea kuwa na nguvu zaidi. Lakini iwe iwavyo, yafaa kuangalia ni nini alichokikumbuka kuhusu msikiti huo. Hakukumbuka mawe, alikumbuka mtu. Siku moja ya Ijumaa, asema, Sultani alipokuwa akitoka katika sala, fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali, na fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri akampa zile. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa 10. Na Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe. Msomaji wa leo hawezi kuipita hesabu hiyo ya watumwa bila ya kusita, na hapana haja ya kuificha: ukarimu uliosifiwa mlangoni mwa msikiti ulilipwa kwa watu.

Mgeni mwingine alifika mwaka 1505, naye hakuvua viatu. Merikebu za Kireno chini ya Francisco d'Almeida ziliingia bandari ya Kilwa mwezi wa Julai, askari wakashuka, mji ukatekwa na kuporwa, na ngome ikajengwa. Katika taarifa ya safari hiyo, ihusishwayo na Mjerumani aitwaye Hans Mayr, mmetajwa nyumba za mawe za ghorofa, bustani, na misikiti mingi yenye matao, na mmoja wao umefananishwa na ule wa Cordoba. Hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote zilizopata kuandikwa na Mzungu wa zama hizo juu ya msikiti wa Kilwa, na mara nyingi hunukuliwa kwa fahari. Lakini wanaoinukuu hawaongezi kwamba msikiti wa Cordoba wakati huo ulikuwa umekwisha kufanywa kanisa tangu mwaka 1236. Mwandishi aliufananisha msikiti wenye watu na msikiti uliokwisha kunyang'anywa watu wake. Yeye aliyaona majengo, na wenyewe hakuwaona ila kama adui. Ibn Battuta aliwaona wenyewe, na majengo hayakumshughulisha. Wareno waliiacha ngome yao mwaka 1512.

Mgeni wa leo yumo kati ya hawa wawili. Haji na upanga, wala aghalabu haji kusali. Amekuja kutazama. Je, lugha ya Kiswahili yamwitaje?

Neno mtalii lina nasaba na neno la Kiarabu lenye maana ya kusoma na kupitia jambo kwa makini. Mutalaa kwa Kiarabu ni usomaji. Kwa asili yake, basi, mtalii si mtembezi wa kupoteza saa, bali ni msomaji. Matumizi ya siku hizi yamelifanya neno hili lisikike kama mtu mwenye kamera na kofia pana, jambo ambalo si kosa la neno. Ziara nalo lina mambo yake. Katika kawaida ya leo ni safari yoyote ya kutembelea mahali au mtu, na waziri naye hufanya ziara. Lakini pwani neno hilo lina maana ya pili, ambayo ni kulizuru kaburi la mtu mwema, kumsomea Fatiha. Mtu wa Kilwa akiambiwa kwamba wageni wamekuja ziara penye makaburi ya masultani, masikio yake husikia maana zote mbili kwa pamoja, na ndiyo sababu hushtuka amwonapo mgeni ameketi juu ya kaburi akila.

Neno msikiti lenyewe latokana na masjid, yaani mahali pa kusujudia. Lakini neno sujudu, lililo la shina lile lile, lilibaki na jim yake katika Kiswahili, hali msikiti una k na una t. Tofauti hii yaashiria kwamba maneno haya mawili hayakuingia katika lugha kwa mlango mmoja wala kwa wakati mmoja. Sujudu ni neno la chuoni, limetunzwa na wasomi karibu na matamshi ya Kiarabu. Msikiti ni neno la mji mzima, limekwisha kutafunwa na vinywa vya watu kwa karne nyingi hata likawa lao.

Neno la manufaa zaidi kwa mgeni ni hodi. Kila mtu ajuaye Kiswahili hajui kuingia nyumba ya mwenziwe bila ya hodi. Msikitini, hata hivyo, hakuna hodi. Mwenye kuingia kusali hutanguliza mguu wa kulia, akaomba dua yake, na atokapo hutanguliza wa kushoto. Hamwombi mtu ruhusa, kwa kuwa nyumba si ya mtu. Hapo ndipo mgeni asiye Mwislamu hutatizika: mlango u wazi, hakuna wa kumkaribisha, naye hudhani kwamba ukimya huo ni ruhusa. Sivyo. Hodi yake hupigwa nje ya msikiti, kwa watu wa mji.

Na jambo hili halitokani na tabia njema tu, bali lina msingi katika sheria. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mtu asiye Mwislamu kuingia msikitini. Wafuasi wa Malik humzuia, ila pawe na haja. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Ibn Battuta aliyakuta Mombasa na Kilwa na ambayo yangali madhehebu ya watu wengi wa pwani, aweza kuingia misikiti yote isipokuwa ule wa Makka, kwa sharti kwamba amepewa idhini na Mwislamu. Kwa hiyo mzee wa Kizimkazi anapofuatwa ili atoe ruhusa, hafanyi kazi ya bawabu wala ya mwuza tikiti. Anatumia hukumu ya fikihi ambayo mababu zake waliifuata, na neno lake la karibu ndilo limfanyalo mgeni kuwa mgeni. Akisema ngojeni kwanza watu wasali, hajakataa, amepanga wakati. Mgeni mwenye busara hafiki saa ya Adhuhuri siku ya Ijumaa kisha akalalamika kwamba amezuiwa.

Kwa mtu wa pwani mambo haya hayahitaji kuelezwa. Lakini wageni wa Kilwa na Kizimkazi si watu wa pwani wala Wazungu peke yao. Wako pia watoto wa nchi wanaotoka mbali. Tuseme mwanafunzi wa Mwisenge, mjini Musoma, kando ya Ziwa Nyanza, penye shule ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Mwanafunzi huyu amesoma habari za Kilwa darasani: sarafu, dhahabu ya Sofala, Ibn Battuta. Pengine hajaiona bahari. Akifika kisiwani, Kiswahili chake ni kile kile cha mwenyeji wake, na hilo ni jambo kubwa ambalo mtalii wa ng'ambo hana. Lakini hilo hilo laweza kumponza, kwa kuwa lugha moja humfanya adhani kwamba na desturi ni moja. Huyasikia maneno udhu, kibla, mimbari, akayaelewa kama maneno ya mtihani.

Hata hivyo hakuja mikono mitupu. Si mbali na kwao, huko Butiama, kuna msitu wa Muhunda ambao Wazanaki huuhesabu kuwa mahali patakatifu. Mtoto wa nchi hiyo ajua tangu utotoni kwamba kuna mahali ambapo hapaingiwi ovyo, hapakatwi kuni, wala hapapigwi kelele, ingawa hapana ukuta wala mlinzi. Ujuzi huo ni wa thamani kuliko ukurasa wa kanuni, na mwalimu anayewachukua wanafunzi kwenda Kilwa angefanya vizuri kuanza safari yake hapo, kwa jambo wanalolijua, kabla ya kuwaambia wavue viatu. Dini ya msikiti ni mbali sana na ibada za msitu, na wenye msikiti wasingependa vifananishwe. Kilicho sawa ni mwendo wa mtu anayekaribia.

Swali gumu zaidi lahusu misikiti iliyokwisha kuachwa. Kilwa haina tena sala ya jamaa katika msikiti wake mkuu. Yasemwa basi kwamba lile ni gofu, na gofu halina adabu. Kiswahili kina maneno mawili hapa, nayo hayalingani. Gofu ni kitu kilichochakaa, hata mtu au mnyama aliyekonda huitwa gofu. Neno hilo lataja hali ya kitu na basi. Mahame ni mahali palipohamwa. Neno hilo lataja watu, walioondoka, na kwa kuwa waliondoka huenda wana wajukuu. Afisa wa mambo ya kale huandika magofu; mwanakijiji mwenye kaburi la babu yake hapo huona mahame. Kisiwa cha Kilwa kingali na kijiji, watu wake huvua na kulima kando ya kuta hizo, nao wana misikiti yao waisaliyo.

Katika mahame kadhaa ya mwambao watu huja mpaka leo kufukiza ubani, kuacha vitambaa au chupa za marashi, na kuomba haja zao. Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia, mji ulioangamizwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, umekuwa na vitu vya namna hiyo ndani ya msikiti wake. Wanazuoni wengi huzilaumu desturi hizo, na mgeni hana kazi ya kuamua kati yao. Lakini akiona chupa penye mihrabu asiichukulie kuwa ni takataka iliyosahauliwa na mtalii mwenzake, na asiiondoe ili picha yake ipendeze.

Zaidi ya hayo msikiti ulioachwa ni dhaifu kuliko ule usaliwao. Mihrabu nzuri za pwani zilichongwa katika matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi na laini, yakagumu baadaye. Kuta zilishikwa kwa chokaa iliyochomwa kwa mawe hayo hayo. Mvua, mizizi ya miti na mawimbi ya pwani vyatosha kuziharibu bila ya msaada wa mtu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, na hayakutolewa humo mpaka mwaka 2014, baada ya matengenezo ya miaka mingi. Mtu apandaye juu ya tao ili aone bahari huongeza kidogo katika kazi ya mvua. Aokotaye kigae cha kauri ya Kichina na kukitia mfukoni huondoa ushahidi ambao mchimbuzi angeusoma, maana kigae nje ya tabaka lake ni kigae tu. Makosa haya mawili hufanywa na watu wapole, wasio na nia mbaya, tena mara nyingi na waalimu.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Bega na goti hufunikwa, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mwanamke hujitanda kanga au mtandio kichwani, na katika misikiti mingi ataambiwa ni upande gani wa kusimama. Hapitwi mbele ya mtu anayesali. Picha haipigwi kabla ya kuulizwa, na picha ya mtu akiwa katika sijida haipigwi kabisa. Sadaka ikitolewa hutolewa kwa msikiti, si kwa mtoto aliyefuata gari. Kwa Kilwa kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka maji, na anayevuka kwa mashua huenda na mwongozaji wa pale. Ni vizuri amwulize juu ya kisima na mawe ya kusugulia miguu, maana asipouliza huenda akaonyeshwa kuba tu.

Huko Kizimkazi uchimbaji wa Chittick wa mwaka 1960 ulimfanya aone kwamba sehemu kubwa ya jengo linaloonekana si ya wakati wa Abu Imran Musa. Maandishi ya pili karibu na mihrabu yataja mwaka 1184 wa Hijra, yaani kama 1770, na kazi ya kuujenga upya msikiti huo. Wajenzi hao wa karne ya 18 walikuwa na mawe yaliyochongwa zaidi ya miaka 660 kabla yao, katika hati ya Kikufi ambayo pwani ilikuwa imekwisha kuacha kuiandika. Wangeweza kuyavunja kuwa kokoto au kuyachoma chokaa, kama yalivyofanywa mawe mengi ya misikiti ya kale. Waliyarudisha katika ukuta wa kibla, wakaandika tarehe yao kando.